Gari iliyokosa pumzi kwenye mteremko wa Kasenyi

Bunia. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tatu ilimkuta dereva huyu amekwisha kupita Bogoro, anateremka kwenda Kasenyi, abiria saba wamebanana ndani ya RAV4 ya viti vitano. Vioo vyote vilifungwa. Dakika chache tu, kioo cha mbele kikawa cheupe kama maziwa. Akazungusha kitufe cha upepo hadi namba nne, namba ya mwisho. Mlio ukatoka mkubwa kama wa mashine ya kusaga mahindi, lakini kwenye kioo hakikufika kitu.

Mama aliyekaa mbele na mtoto mapajani akavua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kupangusa. Anapangusa, ukungu unarudi. Anapangusa tena, unarudi. Kwenye kona moja motari aliyekuwa anapanda na mzigo wa samaki akaonekana wakati zimebaki mita chache. Dereva akakata usukani, tairi la kulia likaingia mtaroni, motari naye akaangukia upande wa pili. Hakuna aliyeumia. Samaki walimwagika barabarani, na maneno aliyoyasema yule motari hayafai kuandikwa hapa.

Bunia iko juu, karibu mita 1,275 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Albert liko karibu mita 620. Kwa hiyo anayeenda Kasenyi anashuka zaidi ya mita 600 katika safari ya asubuhi moja, kwenye barabara ya udongo ambayo kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Hiyo ndiyo njia ya wauza samaki, ya wagonjwa wanaopanda kutafuta hospitali mjini, na ya familia ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikikimbia huku na huku. Dereva asiyeona mbele kwenye mteremko ule anabeba msiba.

Gari yenyewe si ya mtu mmoja. Familia tatu zilizokimbia kutoka wilaya ya Djugu mwanzoni mwa 2018 ziliuza ng'ombe wachache waliobaki, zikaweka pesa pamoja, zikainunua ikiwa imekwisha kutumika. Ndiyo shamba lao la sasa. Ikilala siku moja bila kazi, nyumba tatu zinapunguza sahani.

Shida ilianza zamani kabla ya mvua. Mwezi wa kwanza, vumbi jekundu likiwa linasimama hewani kama moshi, abiria walianza kulalamika kwamba klima haitoi upepo. Wakifungua vioo, vumbi linaingia. Wakifunga, wanatoka jasho. Mama mmoja wa kambi ya Kigonze, ambaye mtoto wake ana ugonjwa wa pumu, alikuwa anamfunika uso kwa kitenge kilicholowanishwa maji kila wanapomfikisha hospitalini. Dereva alimwonea huruma, lakini huruma haipeperushi hewa.

Baadaye namba moja, mbili na tatu za upepo zikafa. Ikabaki nne peke yake. Kisha ikaja tabia nyingine ya ajabu. Wakitembea karibu saa nzima na klima ikiwa imewashwa, hata ule upepo kidogo wa namba nne unapotea kabisa. Wakisimama Bogoro kunywa chai, wakiwasha tena, unarudi, na chini ya gari panakuwa na kidimbwi cha maji.

Baada ya tukio la motari, dereva alipeleka gari kwenye garaje. Fundi wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo, akawasha gari, akaweka kiganja kwenye tundu la upepo, akatoa hukumu: kompresa imekufa na gazi imekwisha, dola 180, nusu kwanza. Hakufungua hata kisanduku kimoja. Hapa ndipo pesa nyingi za madereva wa mji huu zinapopotelea, kwa sababu neno «klima» likitajwa kila mtu anafikiria gazi, na gazi haionekani kwa macho ili mtu abishe.

Dola 180 zilikuwepo, lakini si mfukoni mwa dereva. Mke wake, ambaye anashuka Kasenyi mara mbili kwa wiki kununua samaki na kuja kuuza sokoni, alikuwa anapokea zamu yake ya likelemba siku ya posho. Pesa hiyo ilikuwa na jina tayari: watoto wao wawili wa sekondari walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la shule. Mumewe alipomweleza habari ya kompresa, hakukataa. Aliuliza tu swali.

«Papa, kama imekufa, mbona ikipumzika Bogoro upepo unarudi? Mtu aliyekufa anarudi akipumzika?»

Dereva hakuwa na jibu. Swali hilo la muuza samaki ndilo lililookoa pesa ya shule, na ndilo ambalo fundi wa kwanza alipaswa kujiuliza.

Siku ya pili yake walienda pamoja kwa fundi mwingine, mzee anayefanyia kazi chini ya mwembe upande wa Mudzi-Pela. Mama alishika pesa mwenyewe, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Yule mzee hakugusa gari kwa muda mrefu. Aliuliza. Upepo ulipungua siku moja au polepole? Polepole. Mlio ulipungua pia? Hapana, mlio uko vilevile. Ule upepo kidogo unaotoka ni wa moto au wa baridi? Mama akajibu kabla ya mumewe: ni wa baridi, tena mkali, ila ni mdogo.

Mzee akachana kipande cha karatasi ya daftari, akakishikilia mbele ya matundu, moja baada ya lingine. Karatasi ilitikisika kidogo tu, sawasawa kila mahali. Akageuza kitufe cha kuelekeza upepo: miguuni, usoni, kwenye kioo. Upepo ulifuata kila alipouelekeza, mdogo vilevile. Maana yake vilango vya ndani vinavyogawa hewa vilikuwa vinafanya kazi. Kama upepo ungekuwa na nguvu miguuni na kukosekana kwenye kioo, angetafuta kilango kilichokwama, si kitu kingine.

Kisha akainua kapo ya mbele, injini ikiwa inazunguka na klima imewashwa, akashika bomba nene la alumini linalorudi kwenye kompresa. Lilikuwa baridi, limetoka jasho kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Akamwita mama aje ashike mwenyewe.

«Mama, baridi iko. Gazi iko. Njo pumzi inakosa.»

Akarudi ndani, akatoa kile kisanduku cha kuwekea karatasi za gari mbele ya abiria. Nyuma yake kuna mfuniko mdogo wa plastiki, na ndani ya mfuniko kuna filtri ya hewa ya abiria. Dereva alikuwa ameendesha gari hiyo miaka minne bila kujua kwamba kuna kitu kama hicho. Filtri ya injini anaijua, anaipuliza kila juma. Hii ya pili hakuna aliyewahi kumwambia.

Ilitoka kama tofali. Mikunjo ya karatasi haikuonekana tena, imejaa udongo mwekundu, na juu yake maganda ya maharagwe, nyuzi za gunia na manyoya. Panya alikuwa amejenga. Dereva akakumbuka: mwaka uliopita barabara ilipofungwa kwa sababu ya usalama, gari ililala uani karibu mwezi mzima, na magunia ya maharagwe ndani yake.

Mzee akawasha upepo bila filtri. Karatasi ya daftari ikaruka kutoka mkononi mwake.

Lakini hakusema «kwisha», na hiyo ndiyo tofauti ya fundi na fundi. Alieleza shida zote tatu kwa mpangilio, kwa sababu zote zilizaliwa na tofali lile. Klima ina kitu mfano wa rejeta kidogo ndani ya dashibodi, chenye baridi kali, na hewa lazima ipite juu yake. Hewa ikiwa nyingi, inachukua ile baridi na kuileta kwa abiria. Hewa ikikosekana, baridi inabaki palepale, unyevu unaganda, barafu inajengeka mpaka inaziba njia yote. Ndiyo maana upepo ulipotea baada ya saa moja. Kwenye kituo cha chai barafu ikayeyuka, maji yakatoka chini, upepo ukarudi. Kompresa haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri mno kwa hewa iliyokuwepo.

Na zile namba tatu zilizokufa? Kasi ndogo za feni hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista, kipande kidogo kinachopata moto sana. Kimewekwa makusudi kwenye njia ya upepo ili upepo ukipoze. Upepo ulipozibwa, kikajipika chenyewe. Namba nne haipiti kwenye rezista, ndiyo maana ilibaki hai. Kwa dereva yeyote alama hiyo inatosha: feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho peke yake, asikubali kuuziwa feni kabla rezista haijatazamwa. Ikiwa hakuna namba inayofanya kazi, hapo fuzi ndiyo ya kuangalia kwanza.

Mzee aliangalia fuzi vilevile. Mahali pake alikuta waya wa shaba uliosokotwa. Alimtazama dereva. Dereva alitazama mwembe.

Waya ule ungeweza kuunguza gari yote. Feni ikikwama, inavuta umeme mwingi, na fuzi imewekwa ili ikatike yenyewe kabla nyaya hazijashika moto. Waya wa shaba haukatiki. Mzee aliutoa bila kusema neno, akaweka fuzi ya kweli yenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake.

Feni ilitolewa pia, ikasafishwa kwa brashi ya meno, kwa sababu mapanga yake yalikuwa yamebeba udongo. Wakatoa majani chini ya kioo cha mbele kwa nje, pale hewa inapoingilia. Gari inayolala chini ya mti wa maembe inahitaji kufanyiwa hivyo mara kwa mara. Dereva akapendekeza waipulize filtri ya zamani kwa mashine ya tairi, wairudishe. Mzee akaishika kwenye mwanga wa jua, akamwonyesha matundu ambayo meno ya panya yaliacha. Kuipuliza kwa upole ili kusukuma siku chache inawezekana ikiwa nzima. Kuiosha, hapana, karatasi inashikamana. Na wale wanaokata kitenge na kukiweka badala ya filtri wanaziba pua ya gari kwa mikono yao wenyewe.

Filtri mpya, iliyotoka Kampala, ilipatikana karibu na soko kuu kwa dola 12. Rezista ya okazio dola 8. Kazi ya mzee dola 10. Mama alifungua pindo la kitenge, akahesabu 30, akafunga tena.

Kabla hawajaondoka, mzee aliwaonyesha kitufe chenye mchoro wa mshale unaozunguka ndani ya gari. Dereva alikuwa amekiwasha tangu kiangazi kianze, na alifanya vizuri, kwa sababu kinazuia hewa ya nje yenye vumbi. Kosa lake ni kukiacha wakati wa mvua. Watu wanane wanapumua mvuke, mvuke unazunguka mlemle, unaenda kutulia kwenye kioo kilichopozwa na mvua. Mvua ikianza, kitufe hicho kizimwe, upepo uelekezwe kwenye kioo, klima iwashwe hata kama kuna baridi, maana klima inakausha hewa. Wenye Land Cruiser za zamani wasijicheke: nyingi hazina filtri hii kabisa, vumbi linaenda moja kwa moja kwenye ile rejeta ya ndani.

Watengenezaji huandika kwamba filtri ya namna hii ibadilishwe kati ya kilomita 15,000 na 30,000 hivi. Wanafikiria barabara za lami. Kwa njia za Ituri mzee alisema itolewe na kutazamwa kila mwezi wakati wa kiangazi, na ibadilishwe inapokuwa nyekundu pande zote mbili.

Juma lililofuata watoto wawili walirudi darasani. Mvua ilinyesha tena kwenye mteremko, usiku ukiwa unakaribia, na kioo kilibaki safi kutoka juu hadi ziwani. Yule mama wa Kigonze, alipopanda na mtoto wake, alikaa mbele, akasogeza uso wa mtoto karibu na tundu la upepo, kitenge kikabaki begani.

Mzee alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu kwenye ukingo wa filtri mpya kabla ya kuiingiza. Muuza samaki aliinakili kwenye daftari lake la madeni. Kati ya majina ya wanaodaiwa samaki sasa kuna mstari mmoja usio na jina la mtu: filtri, mwezi wa sita, dola 12.