Mtoto Akiuliza Habari za Mwezi
Kila tunapoungojea mwandamo wa mwezi hapa Bungu, ubishi huzuka: je, binadamu aliwahi kushuka mwezini? Mtoto wa madrasa akiuliza, huambiwa anakufuru.

Ndugu zetu, alishuka. Tarehe 20 Julai 1969 chombo kiitwacho Eagle kilitua huko na Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Sehemu yake ya chini ilibaki mwezini. Ya juu iliwapandisha tena kwa injini moja tu, isiyo na ya akiba.

Habari hii haipunguzi imani. Mwezi ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu, na waliokanyaga vumbi lake hawakuuondolea kazi ya kutupimia Ramadhani na Hija. Basi tusimkemee mtoto. Tupande naye kilimani, tuutafute pamoja.