Ziwa Linatuletea Mvua, Tulipime

Nikisema natoka Kyela, wenzangu hapa chuoni huniulizia mchele. Mimi leo naomba tuongelee mvua. Kyela tunapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sababu kubwa ni Ziwa Nyasa. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 580. Upepo wa kusini unapita juu ya maji hayo ukibeba mvuke, halafu unakutana na Milima ya Livingstone na ya Rungwe. Ukipanda unapoa, mvua inashuka. Ndiyo maana mwezi Mei, sehemu nyingi za nchi zikianza kukauka, sisi bado tunakanyaga tope.

Upepo huohuo ndio unaoinua mawimbi. Ukivuma umbali mrefu bila kizuizi, mawimbi yanazidi kukua, na sisi wa kaskazini ndio tunaoyapokea.

Mwaka jana nikiwa BTP, nilifundisha upepo wa ziwani na upepo wa nchi kavu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kama upepo unajulikana, mbona baba hakurudi?” Darasa zima lilijua mtumbwi wa baba yake ulizama usiku.

Nilimjibu kwamba tunajua kanuni, lakini kanuni haisemi usiku wa leo utakuwaje. Kipimajoto cha uwanja wa shule kinapima hewa ya uwanja wa shule. Kule majini unahitaji joto la maji na la hewa iliyo juu yake, unyevu, kanieneo, kasi ya upepo na unakotoka. Vipimo hivyo lazima vichukuliwe majini kwenyewe, kwa boya au kwa chombo kinachosafiri. Si jambo geni: mkutano wa Brussels wa 1853 ulipanga utaratibu wa meli kupima na kuandika hali ya hewa baharini. Hata meli za Itungi na Kiwira zinaweza kuwa vituo vya kupimia.

Sisi tulianza na daftari. Asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wawili waliwafuata wavuvi wanaotia nanga: “Shikamoo baba, upepo ulitoka wapi? Ulianza saa ngapi? Maji yalikuwa ya moto au ya baridi?” Wazee walijibu kwa umakini kuliko nilivyotegemea. Daftari lipo shuleni, na anayelitunza ni yule binti.