Riwaya Chini ya Kamusi

Msomi aliyezoea kusoma kwa kalamu mkononi yumo katika hatari ya kusahau kusoma kwa furaha. Kila kitabu kwake ni shauri la kuhukumiwa, na kila ukurasa ni shahidi wa kuhojiwa. Riwaya ya mizuka na wachawi wa mjini huisoma usiku. Mgeni apigapo hodi, huificha chini ya kamusi.

Aibu hiyo haina msingi. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ina majini na watu waliogeuzwa manyani, nayo husomwa darasani bila haya. Katika Rivers of London ya Ben Aaronovitch, ya mwaka 2011, askari polisi kijana, ambaye mama yake ni mtu wa Sierra Leone, anapokea ushahidi wa mzuka huko Covent Garden. Baadaye anakutana na mungu wa mto Thames, naye ni mwanamke aliyetoka Nigeria. Mto uliobeba merikebu za dola umepata mama kutoka Afrika. Jambo zito limesemwa kwa mchezo, wala hotuba haikuhitajiwa.

Furaha si adui wa elimu, bali ni mlango wake wa kwanza. Mtoto aombaye hadithi iendelee haulizi faida yake. Msomi akimkuta tena mtoto huyo ndani ya nafsi yake, na aweke kalamu chini, aifunue riwaya mchana, na mgeni akipiga hodi, amkaribishe kitabu kikiwa wazi mkononi.