Rekodi ni Nomino, Rekodi ni Kitenzi

Neno la Kiingereza "record" lina herufi sita na silabi mbili. Nililifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za sekondari, na mara moja nililitumia kumnyamazisha mwanafunzi ambaye haki ilikuwa upande wake. Kwa muda mrefu nilidhani jambo hilo limekwisha. Mwaka jana neno lenyewe lilinifuata hadi nyumbani kwetu Natta, wilayani Serengeti, likiwa ndani ya simu ya mkononi, nami nikaona ni wajibu kuwasimulia wapenzi wenzangu wa lugha. Sehemu ya simulizi hii ni somo, na sehemu ni ungamo.

Nianze na somo. Katika Kiingereza, "record" ni nomino na pia ni kitenzi, na maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote. Anayesoma kwa macho huongozwa na nafasi ya neno katika sentensi: likitanguliwa na "a" au "the", ni nomino, likitanguliwa na "to" au na mtenda, ni kitenzi. Anayesoma kwa sauti ana kazi ya ziada. Nomino huwekewa mkazo katika silabi ya kwanza. Kitenzi huwekewa mkazo katika silabi ya pili. Maneno kadhaa hufuata mwenendo huohuo: "import", "export", "permit", "object", "conduct". Lakini yapo mengi yasiyoufuata. "Report" hubaki na mkazo katika silabi ya pili, liwe nomino au kitenzi. "Answer" na "visit" hubaki na mkazo katika silabi ya kwanza. Kwa hiyo tunachokiita kanuni ni tabia ya kundi moja la maneno, na kila neno halina budi kusikilizwa kwa nafsi yake.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoshindwa kuisema mwaka 1987.

Nilikuwa kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikiwa na imani kubwa katika daftari langu la matamshi. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili katika shule moja ya bweni mkoani Mara. Ubaoni niliandika sentensi juu ya Filbert Bayi, kwa kuwa sifa zake zilikuwa bado midomoni mwa watu. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi mwaka 1979, ilipovunjwa na Sebastian Coe wa Uingereza. Sentensi yangu ilikuwa fupi: kwamba Bayi alivunja rekodi ya dunia.

Mvulana mmoja, mtoto wa kwetu Natta, akasimama kusoma. Alipofika kwenye "record" akaweka mkazo katika silabi ya pili, yaani aliisoma nomino kana kwamba ni kitenzi. Nikamsahihisha. Akarudia vilevile. Nikamsahihisha tena, na safari hii nikalitangazia darasa zima kanuni: nomino mkazo mwanzo, kitenzi mkazo mwisho, maneno yote ya silabi mbili. Mara ya tatu akasoma vizuri. Kisha, badala ya kuketi, akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, mbona 'report' halibadiliki?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kusema hivyo, na dunia isingeanguka. Badala yake nilisema: "Kaa chini. Hapa tunasoma Kiingereza. Kinatta chako kiache nyumbani." Darasa likacheka. Kinatta hicho nilichokidhihaki ndicho mama yangu alichonibembelezea. Mvulana akaketi, na hadi alipomaliza kidato cha nne hakunyosha tena mkono katika kipindi changu.

Baada ya miaka mingi nilielewa kwamba kosa lake halikutoka hata katika Kinatta. Lilitoka katika Kiswahili. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama "barabara" lenye maana ya sawasawa, ambalo mkazo wake hurudi nyuma hatua moja lisichanganywe na barabara tunayopita. Neno "record" lilipoingia katika Kiswahili lilivishwa irabu mwishoni, likawa na silabi tatu, re-ko-di, na mkazo ukaangukia "ko". Hapo ndipo hasa unapokaa mkazo wa kitenzi cha Kiingereza. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili hukitamka kitenzi hicho vizuri bila kufundishwa, na nomino huitamka kwa mkazo wa kitenzi. Yule mvulana alikuwa amelisikia neno "rekodi" redioni, kutoka kwa watangazaji wa michezo, kabla ya kuliona ubaoni kwangu. Alikuwa akifuata sikio lake, na sikio lake halikuwa bovu.

Kiswahili nacho hakikulipokea neno hili bila mpango. Maana zake nyingi zilikwisha pata majina. Ile sahani nyeusi ya muziki iliitwa santuri. Maandishi ya ofisini yaliitwa kumbukumbu, na chumba cha mafaili kiliitwa masijala. Kuchukua sauti kuliitwa kunasa, na chombo chake kinasa sauti. Nalipenda hasa neno kunasa, maana kwetu, watu tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kitenzi hicho kinakumbusha mtego na mnyama kabla ya kukumbusha sauti. Leo rekodi limeenea kotekote: mwanariadha huweka rekodi, mwanamuziki hurekodi wimbo, muuguzi hurekodi joto la mgonjwa.

Wapo wenzetu wanaonung'unika kwamba neno moja haliwezi kuwa nomino na kitenzi katika Kiswahili. Hoja yao ina msingi. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia na irabu "a", na nomino hujengwa juu yake kwa viambishi: imba hutupa wimbo na mwimbaji, cheza hutupa mchezo, pika hutupa mpishi na upishi. Lakini wanalisahau jibu. Tunasema "jibu lako nimelipata" na "tafadhali nijibu", wala hakuna anayeshtuka. Hukumu ni hivyohivyo, na hesabu pia. Maneno hayo yalitoka Uarabuni, yakakaa nasi karne kwa karne hata tukasahau kuwa yalikuwa wageni. Rekodi limepanga chumba katika nyumba hiyohiyo. Kazi ambayo Kiingereza hukiachia mkazo, Kiswahili hukiachia kiambishi: "rekodi hii" ni nomino, "amerekodi", "ilirekodiwa", "nirekodie" ni kitenzi. Tena kitenzi-jina chetu hubeba sura zote mbili kwa pamoja: katika "kurekodi kwake kulichukua siku mbili", kurekodi ni tendo, na papo hapo ni jina la tendo.

Mshairi huipata tofauti hii mapema kuliko mwanasarufi. Rekodi likiwa nomino lina mizani tatu na kina cha "di", nalo hukaa kwa raha pamoja na ahadi, baridi na zaidi. Likiwa kitenzi likanyambuliwa, kina hukimbia: rekodiwa lina "wa", rekodisha lina "sha". Anayetaka kulifungia neno hili mwishoni mwa mshororo budi aamue kwanza anasema juu ya kitu au juu ya kazi.

Sasa nirudi kwenye ungamo. Mwaka jana mgeni alipiga hodi kwangu. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba nikiwa sijamtambua, kwa sababu kichwa chake kimeanza kujaa mvi kama changu. Alikuwa yule mvulana. Aliniambia kwamba wajukuu wa ukoo wake huelewa bibi zao wanaposema Kinatta, lakini hujibu kwa Kiswahili, na kwamba ameanza kuwarekodi wazee kwa simu yake. Alitaka nimpeleke kwa shangazi yangu, mmoja wa wazee wachache waliobaki wanaosimulia hadithi za zamani bila kuruka mahali.

Si kwamba Natta haijapata kuandikwa. Katika miaka ya 1990 mwanahistoria Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa Natta, Ikoma, Isenye, Ngoreme na Ikizu, na kutokana na kazi hiyo vikapatikana vitabu viwili, kimoja mwaka 2003 na kingine mwaka 2007. Wanaisimu nao wamekichunguza Kinatta, hasa toni yake. Hapo ndipo mgeni wangu alipoweka hoja ambayo mimi, mwalimu wa lugha, sikuwa nimeifikiria. Vitabu hivyo havikuandikwa kwa Kinatta. Na hata kama vingekuwa katika Kinatta, herufi tulizozizoea hazionyeshi sauti inapopanda na inaposhuka, ilhali katika Kinatta kupanda na kushuka huko ni sehemu ya neno lenyewe. "Ukiandika tu, Mwalimu, nusu inabaki mdomoni."

Nilitulia kimya. Mtoto aliyelelewa katika lugha inayomtaka asikilize kimo cha sauti ndani ya neno ndiye niliyemwambia aiache lugha hiyo nyumbani, katika somo la kusikiliza nguvu ya sauti ndani ya neno. Toni si mkazo, lakini sikio lililozoea moja halikosi msaada kwa lingine. Nilimnyang'anya chombo alichokihitaji.

Tulikwenda kwa shangazi. Alisimulia asili ya Wanatta: jinsi mwanamume wa kwanza, aliyekuwa mwindaji, alivyokutana na mwanamke wa kwanza, aliyekuwa mkulima. Nilikuwa na kalamu, nikitafsiri pembeni, na hata hapo ualimu haukuniacha: mwindaji hutokana na winda, mkulima hutokana na lima. Watu wale wawili wanajulikana kwa kazi zao. Shangazi alipofika katikati alinyamaza, akaitazama simu.

"Hicho kimeshika maneno yangu?"

"Ndiyo, bibi, kinarekodi."

"Hebu niyasikie."

Mgeni wangu akamsikilizisha. Shangazi aliinamisha kichwa, akasikiliza sauti yake mwenyewe hadi mwisho. Kisha akasema: "Hapo nimekosea. Nimemtanguliza mtu asiyestahili kutangulia. Tuanze upya." Akaanza upya, bila haya yoyote, mbele ya watu wawili wadogo kwake kwa miaka mingi.

Njiani wakati wa kurudi nilimwambia mwenzangu kwamba mwaka 1987 aliuliza swali sahihi, kwamba sikulijua jibu lake, na kwamba nilimtukana yeye na lugha yetu ili nisionekane sijui. Nilimwomba radhi. Alitembea kidogo bila kusema. Kisha akasema: "Hasira iliisha zamani, Mwalimu. Lakini kunyosha mkono sikuweza tena, hata chuoni. Swali nikilipata, nilikuwa naliweka tu moyoni." Hakusema ili kunilaumu, alikuwa akinipa habari. Lakini ni habari ambayo hakuna cheti cha utumishi bora kinachoweza kuifunika.

Baadaye akauliza: "Kwa hiyo mbona 'report' halibadiliki?"

Tukasimama chini ya mti kando ya barabara, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu: kwamba ni kundi tu la maneno linalohamisha mkazo, kwamba "report" halimo, na kwamba mwalimu aliyesema "yote" alikosea. Aliuliza juu ya "control", nikamwambia nalo halihami. Akauliza juu ya neno jingine ambalo sikuwa na uhakika nalo. Nikamwambia sijui, tutalitazama pamoja kwenye kamusi nyumbani. Nasi tukalitazama.

Ndugu zangu walimu na washairi, tunapenda kubishana juu ya neno lipi ni sahihi, na ubishi huo una faida yake. Lakini usahihi unaomfunga mtoto mdomo huipotezea lugha msemaji mmoja, na Kinatta hakina wasemaji wa kupoteza. Ikiwa kwenu kuna mzee mwenye hadithi, msimngoje mtaalamu. Simu iliyo mfukoni inatosha, na mzee akitaka kuanza upya, mwacheni aanze upya.

Rekodi ya shangazi ina dakika arobaini na moja, pamoja na lile kosa na masahihisho yake, kwa maana alikataa tulifute. Kurekodi bado kunaendelea, na wiki hii ni zamu yangu kushika simu.