Bustani ya Nyanya na Kosa la Mkufunzi

Miaka michache iliyopita nilimpa mwanachuo mmoja alama 3 kati ya 10 katika kazi ya bustani. Miche yake ya nyanya ilikuwa mirefu yenye majani mabichi, lakini maua yake karibu yote yalikuwa yamepukutika bila kufunga tunda. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hakumwagilia ipasavyo. Alijibu kwa adabu, "Mwalimu, nimemwagilia kila siku, asubuhi na jioni." Sikumsikiliza. Kitabu kilisema kuwa mmea ukosao maji hupukutisha maua, nami nikaona shauri limekwisha.

Mwaka uliofuata nilipanda nyanya nyuma ya nyumba yangu. Mbegu nilizinunua dukani, za aina yenye matunda makubwa. Nilitia samadi, nikatandaza nyasi kavu, nikamwagilia kwa mikono yangu mwenyewe. Chuo chetu kipo pwani, na Januari hiyo kaskazi ilikuwa imeshika. Maua yalichanua vizuri. Kisha vikonyo vikageuka manjano, na kila asubuhi nikayakuta maua chini. Katika maua 60 niliyoyahesabu, yaliyofunga matunda ni 4 tu. Sikuweza kujilaumu kwa uvivu, kwani kazi niliyoifanya naijua. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwanachuo.

Bibi mmoja, jirani yangu, alikuwa na nyanya ndogo za kienyeji kando ya uzio wake wa makuti. Hazikupata matunzo kama zangu, lakini zilikuwa na vichala tele. Nikamwamkia, nikamwuliza siri yake. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Siri hamna. Mbegu hii nilipewa na mama yangu, nami kila mwaka huweka. Hizo zako za dukani, subiri kipupwe, zitazaa."

Neno lile la kipupwe lilinipeleka maabara kuazima kipimajoto. Alfajiri, saa ambayo hewa hupoa kuliko nyakati zote, nilisoma nyuzi 25 za Selsiasi. Mchana nyuzi 33. Nikarudi vitabuni, safari hii nikiwa na swali. Nikasoma kwamba nyanya hufunga matunda vizuri usiku ukiwa na nyuzi kati ya 15 na 20. Usiku ukizidi kiasi cha nyuzi 21, na mchana ukizidi 32, chavua hudhoofu na ua hupukutika bila kurutubishwa. Tena madhara huanza mapema: wakati wa hatari zaidi ni siku 8 hadi 13 kabla ya ua kufunguka, chavua inapoumbwa. Maji peke yake hayawezi kuponya jambo hilo. Aina nyingine hustahimili joto kuliko nyingine, na mara nyingi zile za matunda madogo ndizo hustahimili zaidi.

Nilimwita yule mwanachuo, ambaye sasa alikuwa mwaka wa pili, nikamwomba radhi mbele ya darasa lilelile na kusahihisha alama zake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, nilikwisha amini kuwa mimi sina mkono wa kulima. Katika mazoezi ya kufundisha niliyakwepa masomo yote ya bustani." Maneno hayo yalinichoma. Alama niliyoiandika kwa dakika moja ilikuwa imewanyima somo watoto nisiowajua.

Ndugu wanachuo, Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia. Mahali hapo pakigeuzwa kuwa pa kutoa hukumu, hapafundishi. Kwa hiyo sasa nafundisha somo la nyanya hivi. Wanafunzi hupanda matuta mawili: moja la mbegu ya dukani, jingine la mbegu ya kienyeji iliyozoea mahali petu. Samadi huwa sawa, na maji huwa sawa. Kila kikundi huhesabu maua na matunda, na kusoma kipimajoto alfajiri na mchana. Kisha hueleza wanachodhani kuwa ndicho kisa, nami huwa wa mwisho kusema. Baada ya masika, mwezi Mei, hurudia kusia mbegu zilezile ili maua yachanue katika kipupwe, na matokeo hulinganishwa.

Mwishoni huweka mbegu. Huchagua mche uliozaa vizuri wakati wa joto, wala hawaangalii ukubwa wa tunda peke yake. Hukamua mbegu pamoja na maji yake katika chombo, huziacha zichachuke siku 2 au 3, huziosha, huzianika kivulini, na kuzihifadhi mahali pakavu. Kwa kuwa nyanya kwa kawaida hujichavusha, mbegu hizo hufanana na mama yao. Mbegu zitokanazo na chotara hazina uhakika huo.

Mtakapokuwa shuleni mtakuta tuta lisilozaa, na mtoto amesimama kando yake. Kabla ya kuandika alama, muulizeni alifanya nini, nanyi mwaminini kiasi cha kwenda kupima.