Walio Chini ya Dagaa

Tukisimama ufukoni Kigoma twaona dagaa wakianikwa, aliyewalisha hatumwoni. Mwani mdogo sana hunyonya hewa ya ukaa kwa nuru ya jua, kisha hufa na kuzama katika Tanganyika yenye kina cha mita 1,470. Huko gizani, pasipo oksijeni, vijidudu huuozesha na kutoa methani. Vijidudu vingine, juu kidogo, huila kabla haijafika hewani. Rutuba inayobaki hupandishwa na upepo wa kusi.

Lakini maji ya juu yamepata joto, nayo hayachanganyiki vema na ya chini. Mwaka 2003 watafiti walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Sisi tulilaumu nyavu haramu tu (nazo hazikosi lawama). Usiku huu mitumbwi yetu imetoka tena.