Tulipouza Mwanga

Disemba 2009, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi ya mwaka uliofuata. Ilikuwa mara ya pili. Mwaka 2008 tulikwisha kuonja giza la kiasi cha mwezi mmoja, tukadhani yamekwisha. Watu wa Mji Mkongwe ukiwauliza habari za miezi ile mitatu watakusimulia jenereta zilivyonguruma mbele ya maduka, na ndoo za maji zilivyopandishwa ngazi kwa sababu pampu zilikuwa zimekufa. Mimi kinachonijia kwanza ni harufu ya nta inayoungua kwenye kopo la maziwa.

Shangazi yangu, aliyenilea, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa na bati la biskuti lililojaa vipande vya mishumaa tangu giza la 2008, vingine vidogo kama jino. Jioni moja akanisukumia bati lile, akasema, "Hebu vipike hivi, mwanangu, tuone." Tukaliweka kopo ndani ya sufuria ya maji, jiko la mkaa chini, vipande vikayeyuka. Utambi wa kwanza tuliukata kutoka kwenye ule wa chemli, mpana kama ulimi. Ukatoa moshi ambao alama yake kwenye dari ilidumu miaka. Wa pili tukasuka nyuzi tatu za pamba. Huo ukakubali. Kalibu yetu ilikuwa kipande cha bomba la maji, kimezibwa chini kwa donge la unga wa ngano.

Mishumaa yenyewe ilikuwa mibaya, nasema kweli. Ina matundu, imepinda, mingine imetitia katikati kama mkate uliokosa hamira. Majirani walikuja kuichukua kabla haijaganda vizuri. Baada ya wiki nikamtuma mtu Dar es Salaam aniletee nta ya parafini kwa boti, na hapo ndipo nikaanza kujiona mfanyabiashara. Mfanyabiashara hatosheki kuuza mwanga tu, nikaona nitie na harufu. Nikachukua konzi ya karafuu nzima, nikaimwaga kwenye nta ya moto. Usiku ule mshumaa ulipofika kwenye karafuu, kila moja ikashika moto peke yake, tukawa na mshumaa mmoja wenye tambi kama kumi. Shangazi aliufunika kwa mfuniko wa sufuria, akarudi kukaa, hakusema neno. Mteja mmoja wa mtaani ndiye aliyesema: "Mie nataka mwanga, bibie. Harufu ninayo ndani, na chetezo ninacho."

Umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Nilikuwa ngazini na katoni mbili za mishumaa mikononi. Nilisononeka, na niliona aibu kusononeka.

Leo nina chumba kizima cha kazi, mzani unaopima gramu, na kipimajoto. Nta ya nyuki naagiza ya Tabora, najua kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kwamba ukiichanganya na ya soya mshumaa hautalegea hata kaskazi ikija na joto lake. Kwa gramu mia za nta natia gramu nane za mafuta ya harufu, si zaidi, maana yakizidi hutoka juu kama jasho. Nikishamimina, mishumaa inakaa wiki mbili kabla sijaiuza. Namwambia kila mnunuzi aupunguze utambi uwe nusu sentimita, na siku ya kwanza auwache uwake hadi nta iyeyuke kufika ukingoni, la sivyo utachimba kisima katikati na nta ya pembeni itabaki bure. Vyombo vyangu ni gilasi. Vifuu vya nazi nilivijaribu, wageni wakavipenda sana, lakini kifuu ni kuni. Nta ikikaribia kwisha nacho kinataka kuwaka.

Mafuta ya karafuu hayakunisumbua kuyapata. Yanakamuliwa Pemba kwa mvuke, mengi yake kutoka kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kasoro yake nilikuja kuijua baadaye. Oda yangu ya kwanza kubwa, ya hoteli moja, niliimimina kwenye vikombe vya plastiki ng'avu, na ndani ya siku chache vikafifia na kupata nyufa, kwa sababu mafuta hayo yanakula plastiki ya aina ile. Nikarudia oda nzima kwa gilasi, kwa hasara yangu. Na hoteli ikasema wageni hawaitaki harufu ile: ile dawa iliyomo ndani ya karafuu ndiyo inayotumiwa na madaktari wa meno, kwa hiyo Mzungu akinusa mshumaa wa Zanzibar anakumbuka kung'olewa gego. Wao walitaka asumini.

Asumini ninayo uani, nikaona kazi imekwisha. Nikachuma, nikachemsha ndani ya nta. Kilichotoka kilinuka mchicha. Shangazi alikuwa barazani anatunga vikuba, akanena bila kuinua kichwa, "Asumini haipikwi." Yeye alikuwa na dawa yake tangu ujana: bakuli la mafuta ya nazi, maua yaliyochumwa magharibi yanalazwa ndani yake usiku kucha, asubuhi yanatolewa, magharibi yanaingia mengine, usiku baada ya usiku, mpaka atakapotosheka. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watengeneza manukato wa Grasse, kule Ufaransa, walikuwa wakifanya vivyo hivyo kwa shahamu, kwa sababu ua la asumini huendelea kutoa harufu hata likishakatwa, na moto unaiharibu. Wakati ule niliona ni mambo ya kizee. Nilikuwa na oda ya mishumaa mia mbili.

Kwa hiyo nilinunua chupa ya asumini ya kiwandani iliyotoka Dubai. Kwenye kibandiko nilichora kikuba. Mshumaa ule ukauzika kuliko wowote niliowahi kutengeneza, na jamaa wa hoteli wakaagiza tena na tena. Mmoja nilimpelekea Shangazi, akaunusa kwa muda, kama mtu anayesoma barua, kisha akanirudishia. "Hii asumini ya sabuni," alisema. Hakukasirika. Aliuliza tu kama unalipa, nikamwambia unalipa.

Na ulilipa, mpaka Machi 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona. Hoteli ile ilikuwa na deni langu la miezi minne; simu ikaita mpaka ikaacha kuita. Hilo nimelisamehe zaidi kuliko ninavyojisamehe lingine. Shangazi alikuwa ameshafariki, na katika mapumziko yale ya kulazimishwa nikataka kutengeneza mafuta yake, si ya mshumaa, ya kujipaka tu. Nikatoa bakuli, nikachuma maua. Usiku wa tatu nikagundua kuwa sijui ni usiku ngapi. Saba? Kumi na nne? Mimi ninayepima utambi kwa nusu sentimita sikuwahi kumuuliza alijuaje kwamba sasa yametosha. Yangu yalichacha.

Tangu 2013 tuna waya mpya wa baharini, umeme haukatiki kama zamani, ila hukatika. Mwezi uliopita ulikatika mara baada ya isha. Mtoto wa jirani akagonga mlango: mama yake anauliza kama tuna mshumaa. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa kazini kwake. Nikampa ule mkubwa wa gilasi, wenye kibandiko cha kikuba, ambao mgeni anautolea shilingi elfu arobaini bila kuuliza mara mbili.

Asubuhi akaurudisha, umewaka kiasi cha kidole, na gilasi imefutwa vizuri.

"Mama anasema ahsante sana, ila harufu imeingia kwenye wali. Anauliza hamna wa kawaida?"

Nyumba nzima sikuwa nao. Nikampa pesa, nikamtuma dukani akanunue pakiti mbili za mishumaa myeupe, moja yao na moja yetu.